Shukrani Bila Kumsahau Mtu

(Kipaza sauti kinapiga mluzi. Mkurugenzi anakigonga mara tatu kwa kidole, anakipuliza, anasema "haloo" mara nne, kisha anafungua faili nene.)

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti wa Tume ya Ukaguzi wa Maisha ya Wanafunzi, uliyefika kwa wakati, jambo ambalo limetushtua sote. Waheshimiwa wajumbe wawili wa tume, yaani mheshimiwa mwenye miwani na mheshimiwa asiye na miwani. Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na kimefutwa vumbi. Wakuu wa vitivo mliofika, mliotuma udhuru, na mliotuma watu wa kuja kuulizia kama udhuru ulifika. Shemeji yangu mpendwa, Mkurugenzi wa Mabweni na Mabomba, uliyekaa safu ya pili ingawa kadi yako niliiandika mimi mwenyewe safu ya sita. Katibu muhtasi wangu, ambaye bila yeye hotuba hii ingekuwa fupi. Mama wa usafi, aliyefagia jukwaa hili mara mbili, ya kwanza kwa kuombwa na ya pili kwa hasira. Walinzi, madereva, wapishi. Na mwishowe, kwa sababu ndio walengwa wakuu, ndugu wanafunzi. Hamjambo?

("Hatujambo.")

Hamjambo tena?

("Hatujambo tena.")

Wasemaji wengine, wakifika hapa, husema "itifaki imezingatiwa" wakaendelea na safari yao. Mimi siwezi, na ninaomba Mama Mwenyekiti anielewe. Siku ya harusi yangu nilishukuru watu wote ukumbini hadi mpiga picha, nikamsahau mama mkwe. Mmoja tu! Kwa miaka tisa iliyofuata mama yule hakuniita kwa jina wala kwa cheo. Aliniita "yule". "Yule amekula?" "Yule anaondoka lini?" Shemeji yangu hapo ni shahidi.

(Shemeji, kwa sauti: "Mpaka leo!" Kicheko kirefu.)

Mpaka leo, asante. Na mwaka juzi, katika kuwakaribisha wanafunzi wapya, nilimsahau fundi mitambo. Nikafika kwenye sentensi muhimu kuliko zote, nikasema "na hivyo basi chuo hiki kitawapa," na kipaza sauti kikafa. Wanafunzi wale wanakaribia kuhitimu na hawajajua chuo kitawapa nini. Tangu siku hiyo niliapa: katika hotuba zangu hatasahaulika mtu. Heri kusema mengi kuliko kumwacha mmoja na kinyongo.

Sasa niingie kwenye mada, nikipitia dibaji.

Mama Mwenyekiti, leo tunazindua Mpango Mkakati Jumuishi wa Kufufua, Kuhuisha na Kuendeleza Maisha ya Kijamii ya Wanafunzi, kwa kifupi MMJKKKMKW, jina ambalo bado hatujampata mtu wa kulitamka, na hiyo ndiyo dalili ya jambo zito. Mpango huu umejengwa juu ya fremuweki shirikishi yenye nguzo kuu saba, nguzo ndogo kumi na tisa, na kamba moja ya kuziunganisha. Umezingatia maoni ya stekiholda wote. Una dashibodi. Una rodimapu. Una kapasiti bildingi ya awali, ya kati, na ya kurudia kwa wale ambao ya kati iliwapita wakiwa wamelala. Na zaidi ya yote una matokeo, Mama Mwenyekiti, matokeo yanayopimika, yanayoshikika, na yaliyowekwa pale mezani kama makombe.

(Anaonyesha meza yenye kitambaa cheupe na makombe saba. Mheshimiwa mwenye miwani anainuka kidogo kusoma maandishi ya kombe kubwa. Katibu muhtasi analigeuza kombe lielekee ukutani.)

Nitumie fursa hii kusema wazi jambo ambalo limekuwa likisemwa kwenye korido. Iko minong'ono. Inasemekana kwamba tume hii, kabla ya chakula cha mchana wa leo, itaamua kama Kurugenzi yangu ya Maisha ya Kijamii ibaki na hadhi yake, mhuri wake na mlango wake, au imezwe na Kurugenzi ya Mabweni na Mabomba, na mimi niwe, naomba maji...

(Anapewa glasi tupu. Anaitazama, anairudisha.)

...na mimi niwe Afisa Msaidizi chini ya shemeji yangu. Sina neno na shemeji. Ni kaka wa mke wangu, ni mjomba wa wanangu, tumekula naye chungu kimoja. Lakini nawauliza, waheshimiwa: mtu aliyeshindwa kutengeneza bomba kwa miaka miwili, mabweni matatu yakabaki yanategemea bomba moja pale uani, bomba linalotoa maji saa linapojisikia, mtu huyo mtampa na furaha ya vijana aisimamie? Ataipitisha kwenye mfereji gani?

(Makofi makubwa kutoka kwa wanafunzi. Shemeji anainamisha kichwa, lakini mabega yanamtikisika kwa kicheko.)

Tulipoanza, hali ilikuwa mbaya. Utafiti wa awali, nilioufanya mwenyewe nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi yangu, ulionyesha kwamba mwaka jana wanafunzi walioshiriki shughuli za kijamii zinazotambulika walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa amepotea njia akitafuta maktaba. Mwaka huu washiriki ni mia sita na arobaini. Ukichukua hiyo mia sita na arobaini, ukailinganisha na wale wanne, ukimtoa yule aliyepotea njia kwa sababu za kitaalamu, unapata ongezeko la asilimia elfu ishirini na moja, mia mbili thelathini na tatu nukta tatu. Nukta tatu ile ndogo inarudia milele. Haiishi. Chuo gani kingine kina ukuaji usioisha?

(Mheshimiwa asiye na miwani anaandika. Mama Mwenyekiti anachungulia alichoandika, anakifuta.)

Idadi hii imegawanyika katika klabu kumi na mbili, na mabango yake mnayaona ukutani, mapya, yananukia rangi. Ipo Klabu ya Riadha, yenye kombe. Ipo Kwaya ya Wanafunzi, iliyotufungulia hafla hii kwa sauti nzito ambazo nadhani zimewagusa. Ipo Klabu ya Mdahalo, ambayo imefanya midahalo tisa na wanachama wake wakakubaliana katika kila jambo. Ipo Klabu ya Wapanda Milima. Najua mtauliza, chuo hiki kina mlima gani? Hakina, lakini kina ngazi. Ipo Klabu ya Uogeleaji, ambayo kwa kuwa hatuna bwawa iko katika hatua ya nadharia, na ninajivunia kusema kwamba katika nadharia hajazama mtu. Ipo Klabu ya Upigaji Picha, na mwanachama wake mnamwona dirishani, amesimama tangu nianze kusema, anatazama nje bila kupepesa macho. Anatafuta mwanga.

(Mwanafunzi wa dirishani, bila kugeuka: "Bado!")

Bado hajaupata. Sanaa inataka subira. Na mmeona, waheshimiwa, kwamba wanafunzi wengi wamekuja na ndoo. Ndoo nyekundu, ndoo za bluu, madumu, beseni moja pale pembeni. Mgeni angeshangaa. Lakini hiyo ni Klabu ya Mazingira, ambayo wanachama wake hutembea na ndoo popote waendapo kama ishara ya, ya, ya utunzaji.

(Kicheko. Mwanafunzi mmoja, msichana mrefu, anasimama katikati ya ukumbi. Ana ndoo ya kijani na daftari lililokunjwa mgongo. Wenzake wanapiga kelele: "Rais! Rais wa Foleni!")

Keti, binti yangu.

("Samahani Mkurugenzi, shikamoo.")

Marahaba. Keti.

("Naomba kuuliza swali dogo tu. Tukitoka hapa tutapewa kadi zetu za mtihani? Tuliambiwa mlangoni asiyesaini hapati kadi. Sasa mimi nimesaini ukurasa wa Uogeleaji kwa sababu ndio uliokuwa na foleni fupi, na siogelei.")

Maswali yatapokelewa kwa maandishi, nakala tatu, baada ya mwaka wa fedha. Keti.

("Na je, hotuba itachukua muda gani? Maji yakitoka ninyi mkiwa mnaendelea, namba moja mpaka hamsini watakosa haki yao.")

(Sauti nyingi: "Kweli! Mwambie!")

Nimesema keti, mwanangu, unaniharibia mtiririko.

(Anaketi. Mama Mwenyekiti anamtazama kwa muda, kisha anaandika kitu, na safari hii hafuti.)

Nilikuwa wapi? Milima, kuogelea, ndoo. Ndiyo. Nyuma yangu, Mama Mwenyekiti, mnaona pazia la bluu. Nyuma ya pazia upo mlango, na nyuma ya mlango huo ndipo kilipo Kituo cha Maisha ya Kijamii cha Wanafunzi, moyo wa mpango mzima, chenye eneo la mazungumzo, eneo la michezo ya mezani, na eneo la kutafakari. Hatutakifungua leo, kwa sababu za kiusalama, kiufundi na kisaikolojia. Ila naomba mlitazame pazia hilo na mkipate kituo hicho ndani ya mioyo yenu.

(Mama wa usafi, kutoka mlango wa nyuma: "Na mimi nikitaka kudeki nitapitia wapi?")

Subiri kidogo, mama, nitakufikia kwenye shukrani. Sasa kabla sijashukuru, kaulimbiu! Nikisema "Maisha", ninyi mnaitikia "Ya kijamii". Tumefanya mazoezi asubuhi. Maisha!

("Magumu!")

Hapana. Maisha!

("Magumuuu!")

Tutalirudia wakati wa tathmini. Chuo!

("Maji!")

Nani kawafundisha hiyo? Basi, basi. Tuingie kwenye shukrani, ambazo kwangu mimi ndio mwili wa hotuba, na yote niliyosema yalikuwa nguo tu.

(Shemeji: "Shem, fupisha bwana!")

Sifupishi. Aliyefupisha aliitwa "yule".

Kwanza, namshukuru Mama Mwenyekiti na wajumbe wake kwa kuja. Pili, nakishukuru kiti cha Makamu Mkuu wa Chuo kwa uvumilivu. Tatu, na hapa naomba makofi, namshukuru baba mkwe wangu, mzee ambaye hayupo lakini nisipomtaja habari itamfikia kabla sijafika nyumbani, kwa kutuazima kombe lake kubwa, ambalo ng'ombe wake alilipata kwa kuwa wa pili katika mashindano ya maziwa, na ambalo leo limesimama pale mezani kwa jina la Klabu ya Riadha. Mzee, asante sana. Na ng'ombe, asante.

(Shemeji anapiga paja kwa kicheko. Mheshimiwa mwenye miwani anakwenda mezani na kuligeuza kombe.)

Nne, nawashukuru madereva wetu wanne na mpishi mkuu, waliokubali kuvaa mashati meupe na kuitwa Kwaya ya Wanafunzi, hususan dereva wa basi kubwa, mwenye wajukuu watano, aliyenyoa ndevu za miaka ishirini ili afanane na mwaka wa kwanza. Mkewe amekataa kumfungulia mlango tangu jana. Huo ndio uzalendo.

Tano, fundi cherehani wa pale getini, aliyeshona mabango ya klabu zote kumi na mbili kwa siku moja, yaani jana, na ambaye aliniuliza, "Mkurugenzi, hawa watu wote walikuwa wapi?" nikamwambia, "Shona." Akashona. Wangekuwa na nidhamu hiyo wengi, nchi ingefika mbali.

Sita, katibu muhtasi wangu. Mama huyu amekaa mchana mmoja akaandika historia za klabu kumi na mbili, waasisi wao, vikao vyao, hata ugomvi uliotaka kuivunja Klabu ya Drafti na jinsi walivyopatana. Nilipousoma ule upatanisho nilitokwa na machozi, na mimi ndiye niliyemwambia autunge.

(Katibu muhtasi ameficha uso kwa faili.)

Saba, mama wa usafi. Nilikuahidi, nakutimizia. Mama huyu alihamisha mafagio ishirini na matatu, ndoo za kudekia, na ngazi iliyovunjika, kutoka upande mmoja wa stoo kwenda upande wa pili, ili nyuma ya pazia la bluu, kama mtu angechungulia, aone angalau sakafu. Asante, mama. Stoo yako utarudishiwa leo hii.

Na nane, ninyi wanafunzi mia sita na arobaini, ambao mlipoambiwa mlangoni kwamba asiyesaini hapati kadi ya mtihani, mlisaini bila kuuliza ni daftari la nini. Kadi za mtihani hazina uhusiano wowote na daftari hili. Zipo ofisi ya mitihani tangu Jumatatu. Asanteni kwa kuniamini.

(Ukumbi mzima: "Aaaah!" Ndoo mbili zinaanguka. Mama Mwenyekiti anaweka kalamu mezani.)

("Mkurugenzi," anasema Mama Mwenyekiti, na hakuhitaji kipaza sauti. "Klabu zilizopo ni ngapi?")

Kumi na... Mama Mwenyekiti, ukitazama rodimapu...

("Sijauliza rodimapu.")

(Mkurugenzi anatazama faili. Analifunga. Anafuta jasho kwa kona ya tai.)

Nimesema yote, eti?

("Yote!" ukumbi unaitikia, safari hii kwa sauti moja kuliko kaulimbiu zote.)

Nilijua. Nilipofika kwa dereva na ndevu zake nilijisikia kabisa kwamba nateremka, lakini ukishaanza kushukuru utamwacha nani? Ningemtaja mwenye kombe nikamwacha aliyenyoa ndevu? Angenichukuliaje?

Mama Mwenyekiti, hapana klabu kumi na mbili. Hapana kituo. Hakikuwapo hata siku moja. Ninyi mnafika leo, na mimi jana asubuhi nilikuwa na kurasa tisini za mpango na sikuwa na mwanafunzi hata wa kumwazima. Niliogopa, nakiri. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye mlango ule wenye jina langu, na kila siku vijana wanapita wawili wawili, wanacheka, na hakuna anayeingia. Nilitaka tu siku moja ukumbi ujae.

Kosa ni la fomu. Fomu ya kusajili klabu nimeitunga mimi. Ina kurasa kumi na nne, inataka katiba, picha za wanachama wanane wakitabasamu kwa kiasi, barua ya mlezi, barua ya mlezi wa mlezi, na maelezo ya jinsi klabu itakavyofungwa kabla ya kuelezwa jinsi itakavyofunguliwa. Kwa miaka yote hiyo ameijaza mtu mmoja tu. Ni huyo binti mwenye ndoo ya kijani.

(Vichwa vyote vinageuka. Rais wa Foleni anashika ndoo yake kama anayetaka kujificha ndani yake.)

Alikuja na kurasa zote kumi na nne, na picha, wanatabasamu kwa kiasi kabisa. Alitaka mhuri kwa ajili ya Klabu ya Foleni. Nikamuuliza, "Foleni ni michezo, sanaa au utamaduni?" Akasema, "Mkurugenzi, sisi tunakaa pale bombani saa tatu kila siku. Kuna watu wamefundishana hesabu pale wakafaulu. Kuna wawili wameposana. Wa mabweni ya juu walikuwa hawasalimiani na wa mabweni ya chini, leo wanashikiana nafasi. Jioni tunaimba. Tunataka mhuri tu, ili walinzi wasitufukuze uani." Mimi nikamwambia shughuli hiyo haimo kwenye orodha, nikamrudishia fomu, na ukurasa wa saba nikampa mwingine akaujaze upya kwa wino mweusi.

(Mtu mmoja anasema "Duh!")

Kwa hiyo shukrani ya tisa, na Mungu ananiona jinsi inavyonikwama kooni, inakwenda kwa shemeji yangu.

("Mimi?" anasema Shemeji.)

Wewe. Kwa kushindwa kutengeneza mabomba kwa miaka miwili, umewakutanisha vijana hawa kuliko nilivyowakutanisha mimi kwa miaka kumi na moja. Ungekuwa mchapakazi, wasingejuana. Asante, shem.

(Kicheko kinaripuka, makofi, ndoo zinagongwa kama ngoma. Shemeji anasimama kuinama kwa heshima, anakumbuka alichoshukuriwa, anakaa.)

Mama Mwenyekiti, uliuliza klabu ni ngapi. Ni moja. Na bado haina mhuri.

(Mkurugenzi anatia mkono mfukoni, anatoa mhuri, anaupuliza. Anashuka jukwaani akiburuta waya wa kipaza sauti.)

Lete daftari, mwanangu. Fungua. Haya yote ni majina? Mia sita na ngapi?

("Mia sita na arobaini, Mkurugenzi. Ndio hawa hawa waliomo humu.")

Mia sita na arobaini! Mama Mwenyekiti, takwimu ilikuwa sahihi! Ni klabu tu ndiyo niliyokosea! Asilimia elfu ishirini na moja...

("Piga mhuri," anasema Mama Mwenyekiti.)

Napiga.

(Anapiga mhuri. Hautoki. Anauhemea, anapiga tena. Unatoka. Ukumbi unasimama kwa vigelegele, na wakati huo huo mwanafunzi wa dirishani anaruka juu.)

("Yametoka! Maji yametoka!")

Subirini, sijafunga! Ndugu wanafunzi, kwa itifaki, wageni ndio hutangulia...

(Viti vinaanguka. Ndoo mia sita zinapita mlangoni. Rais wa Foleni anasimama kizingitini na daftari lake lenye mhuri mbichi, anaita namba: "Moja mpaka hamsini! Msisukumane, tuna mhuri sasa!" Dereva wa basi, bado katika shati la kwaya, anapita na madumu mawili. Mama wa usafi anang'oa pazia la bluu, anatoa ndoo zake zote tatu.)

Mama Mwenyekiti, nisamehe, hitimisho lilikuwa na kurasa sita...

("Uamuzi utaletewa kwa barua," anasema Mama Mwenyekiti akiwa tayari mlangoni. "Nataka kwanza nikaione klabu." Anawageukia wajumbe wake: "Mbebeeni binti ile ndoo, mikono yake imejaa.")

Shem, na wewe unakwenda wapi?

("Kwetu maji hayajatoka wiki nzima. Mke wangu ameniambia nisirudi mikono mitupu.")

Hata kwangu pia! Binti! Rais! Niandike na mimi! Nishikie foleni!

("Mia sita na arobaini na moja, Mkurugenzi! Wa mwisho! Na uje na ndoo yako!")

Wa mwisho, sawa, nimekubali, naja! Lakini mtu haondoki bila kufunga. Kwa hayo machache, ndugu viti, nawashukuru wote. Nimemshukuru Mama Mwenyekiti, kiti cha Makamu, baba mkwe, ng'ombe, madereva, mpishi, fundi cherehani, katibu, mama wa usafi, wanafunzi, shemeji. Safari hii hakuna niliyemsahau, na ninaweza kusema kwa kifua mbele kwamba kurugenzi hii sasa ina...

(Kipaza sauti kinakufa. Fundi mitambo anachomoa waya ukutani, anaukunja taratibu mkononi, anachukua ndoo aliyokuwa ameikalia, na kutoka nje kwenda kuandikwa mia sita na arobaini na moja.)